Siku Kumi Bergen: Jamaa, Mvua na Swala ya Isha

Familia nyingi za huku Lokichoggio na Kakuma zina jamaa Norwe. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na Norwe ni miongoni mwa nchi zilizopokea wakimbizi kutoka humo kupitia UNHCR. Nao Wanorwe si wageni Turkana: ndio waliojenga kile kiwanda cha kugandisha samaki cha Kalokol, kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusimama muda mfupi baadaye, gharama za kukiendesha zilipoishinda faida ya samaki. Basi shangazi ya watoto, aliyehamia huko kutoka Kakuma na mumewe miaka mingi iliyopita, alipotualika Bergen siku kumi za mwezi wa Juni, tulikwenda kwa nia ya kuunga udugu kwanza, na matembezi baadaye.

Bergen ni mji wa pili kwa ukubwa Norwe, uko pwani ya magharibi, umezungukwa na milima saba. Mvua hunyesha humo zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Lodwar hupata chini ya milimita 200 mwaka mzima. Bergen hupata zaidi ya 2,000. Watoto wetu walitoka nje kulowa makusudi, na majirani wakachungulia madirishani. Bandarini kuna nyumba za mbao za Bryggen, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1979, ambamo wafanyabiashara wa Kijerumani walikaa karne nyingi wakinunua samaki mkavu kutoka kaskazini. Samaki huyo hutundikwa akakaushwa na upepo wa baridi, bila chembe ya chumvi. Sisi tuliozoea ng'onda tulimwona mgumu kama ukuni.

Lililotushughulisha zaidi ni swala. Lokichoggio iko karibu na Ikweta: Maghribi huingia karibu saa moja ya usiku, Isha haipiti mbali na saa mbili, na ni hivyo takriban mwaka mzima. Bergen mwezi Juni jua huzama saa tano na dakika kumi usiku, likachomoza saa kumi na dakika kumi alfajiri. Na baina ya hapo wekundu wa mbingu hauondoki, kwa sababu jua halishuki sana chini ya upeo. Alama ya kuingia Isha ni kutoweka kwa wekundu huo. Usipotoweka, Isha itaswaliwa lini?

Wengi hudhani msafiri hana tatizo: atajumuisha na kupunguza mpaka arudi kwao. Sivyo, katika madhehebu yetu ya Shafi. Anayenuia kukaa siku nne kamili mahali, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ni mkazi tangu anapofika. Ataswali rakaa nne zake kama mwenyeji. Siku kumi si safari tena. Ama wakati wa Isha, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya siku ya Dajjali itakayokuwa kama mwaka, aliamuru ikadiriwe. Juu ya msingi huo maulamaa wa Kishafi wakasema watu wasiopotewa na wekundu wakadirie kwa mji ulio karibu nao ambao alama yake huonekana. Wapo maulamaa wa zama hizi walioruhusu kukusanya Maghribi na Isha huko Ulaya wakati wa kiangazi, kwa kuondoa uzito.

Wa kulifikiria hapa ni mwenyeji zaidi ya mgeni. Sisi tulikuwa na likizo; shangazi huamka kwenda kazini, na usiku wake ni huo huo mfupi, kila kiangazi. Yeye na mumewe hufuata ratiba ya msikiti wao. Nasi tukaifuata hiyo hiyo, wala hatukufungua darsa la khitilafu sebuleni kwa watu. Kibla pia hubadilika: huku twaelekea kaskazini, tukipinda kidogo mashariki, Bergen huelekewa kusini-mashariki.

Kwa akina mama wenye kupika, jambo moja. Sheria ya Norwe yataka mnyama apotezwe fahamu kabla ya kuchinjwa, na maulamaa wamezungumza mengi juu yake. Sharti ni awe hai kisu kinapopita. Shangazi hununua kwa mchinjaji Mwislamu anayemwamini, na siku nyingine zote ni samaki, ambaye hahitaji kuchinjwa. Pipi za watoto zisomeni kwa sababu ya jelatini. Neno lao la nguruwe ni "svin". Mwanetu wa miaka tisa alilishika kabla yetu.

Mabinamu walielewana kwa mpira na kwa vidole. Watoto wa shangazi wanasema Kinorwe. Kiswahili chao ni cha salamu. Zawadi aliyoiomba shangazi haikuwa kanga wala udi, ingawa tulivipeleka. Aliomba mabinti zake wasomeshwe Kurani na Kiswahili kwa simu kutoka Lokichoggio, na mwalimu wa kike. Amepatikana. Darsa ni kila Jumamosi baada ya Alasiri ya huku. Sasa tuko mbele ya Bergen kwa saa moja. Majira ya baridi yakiingia zitakuwa mbili, na ratiba itapangwa upya.