Gia Zinazogoma Oili Ikipata Moto

Asubuhi mjini Garissa gari la otomatiki linaweza kushika gia zote bila kusita. Mchana, likirudi kutoka Dadaab, mwendo wa takriban kilomita 100, injini inanguruma lakini gari haliongezi kasi. Dereva akitia gia ya nyuma, husubiri kidogo kabla gari halijashtuka na kushika. Wengi hapo huilaumu kompyuta, au huagiza giaboksi nyingine ya mtumba. Haraka ya bure hiyo. Giaboksi hii hufanya kazi kwa presha ya oili, na presha hupimika.

Ndivyo ilivyo tangu General Motors ilipoleta Hydra-Matic mwaka 1939. Pampu inayozungushwa na injini hunyonya oili kupitia filta, vali huidhibiti presha, kisha vali bodi, pande la alumini lenye vijia vyembamba, huigawa kwa pistoni zinazobana klachi za kila gia. Pistoni hizo zina sili za mpira, nazo hukakamaa kwa umri na joto. Oili baridi ni nzito, hivyo sili iliyochoka bado huizuia. Ikipata moto huwa nyepesi, ikavuja ndani kwa ndani bila hata tone kuanguka chini.

Kwa hiyo kulipima gari lililolala usiku kucha ni kujidanganya. Miongozo ya Toyota hutaka oili iwe kati ya nyuzi 50 na 80 za Selsiasi. Fundi hufungua skrubu ya tundu la kupimia ubavuni mwa giaboksi, akafunga geji, akasoma presha injini ikizunguka taratibu bila kukanyagiwa mafuta. Kisha huisoma tena akikanyaga breki na mafuta pamoja, kwa sekunde zisizozidi 5, la sivyo oili itaungua.

Presha ikiwa chini katika gia zote, mshukiwa ni oili pungufu, filta iliyoziba, pampu au vali ya kudhibiti presha. Ikishuka katika gia moja tu, njia ya klachi ya gia hiyo ndiyo inayovuja. Ikiwa sawa kote na gari bado linateleza, klachi zimelika. Solenoidi za kubadilishia gia hupimwa kwa mita ya umeme: katika Toyota nyingi, omu 11 hadi 15.

Kabla ya yote, kijiti cha oili kichomolewe, kama gari linacho. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inajieleza. Inayotisha zaidi ni ile inayofanana na chai ya maziwa yenye rangi ya waridi: maji yameingia. Katika magari mengi oili hupozwa ndani ya rejeta, na maji ya kisima yenye chumvi, yasiyo haba kaskazini mashariki, huitoboa kwa kutu. Maji hulegeza gundi ya klachi, na geji haina msaada tena. Giaboksi hufunguliwa, na rejeta hubadilishwa kabla oili mpya haijamiminwa.