Gari la Dizeli Likiwa Zito Kuwaka Asubuhi



Kikundi chenye pikapu ya dizeli kinaijua shida hii. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo, injini inalia pole pole, nguu... nguu... kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Mchana likishapata moto linawaka mara moja. Wanachama wanasema, "Ni baridi hiyo," ama "Betri imekufa, tuchange." Tunawaomba msifungue sanduku la pesa kwanza.

Kwa nini kasi inahitajika?
Petroli huwashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Injini hubana hewa kwa nguvu sana mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta. Ikizungushwa pole pole hewa haipati moto huo, haiwaki. Ndiyo maana starta ya dizeli hula umeme mwingi.

Je, ni baridi kweli?
Kule Limuru au Molo, ndiyo. Oili huwa nzito na betri hupungua nguvu. Lakini hapa Kikambala, hata mwezi wa Julai wakati wa kusi, baridi yetu ni ndogo. Inafichua tu udhaifu uliokuwapo. Adui zetu ni wawili: hewa ya chumvi inayokula viungo vya waya, na joto linalokausha maji ya betri na kuizeesha haraka.

Angalieni kwa mpangilio huu, kutoka kwa bure hadi kwa gharama:

1. Vichwa vya betri. Mkiona unga mweupe au wa kijani, fungueni waya wa hasi (−) kwanza, halafu chanya (+). Osheni kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, yale ya kupikia maharagwe. Yasiingie ndani ya betri. Sugueni kwa msasa mpaka ving'ae. Kazeni, hasi iwe ya mwisho, kisha pakeni grisi juu.

2. Waya wa athi. Huu hutoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini, na husahauliwa mara nyingi. Fungueni ncha zake, kwangueni kutu, kazeni. Mkitaka kujua kiungo kibovu, mtu azungushe starta sekunde 10, aache, kisha mguse viungo. Kilichopata moto ndicho hicho.

3. Maji ya betri. Yafunike sahani za ndani. Ongezeni maji ya betri ya dukani, si ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi.

4. Mita ya fundi. Betri iliyolala usiku ikiwa imejaa husoma kama volti 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu hivi. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini, angalieni mkanda wa feni na altaneta, maana hata betri mpya itaisha vilevile.

5. Oili. Isiwe nzito kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

6. Starta. Hayo yote yakiwa sawa, basi fundi aifungue aangalie brashi na bushi.

Injini ikizunguka kwa kasi lakini haiwaki, hilo ni jambo jingine. Fundi aangalie plagi za hita, au hewa iliyoingia kwenye mafuta.

Tahadhari: Betri hutoa gesi inayolipuka. Sigara na moto viwe mbali. Asidi ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi.

Wengine husema, "Si tunasukuma tu, linawaka?" Kusukuma kunaficha ugonjwa. Saa nane usiku, mama akishikwa na uchungu na anatakiwa hospitali Kilifi, nani atasukuma? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Ni nani amepewa kazi ya kuangalia betri na waya kila mwezi, na anaandika wapi?
– Mara ya mwisho tuliponunua betri, tulipima nini kwanza?