Kijiko cha Zamani Kikigoma, Usikimbilie Pampu

Mtaani wengi wetu tunakiita JCB, hata kama ubavuni kimeandikwa Case, Caterpillar au Massey Ferguson. Ni ile mashine ya njano yenye baketi pana mbele, mkono mrefu wa kuchimbia nyuma, na miguu miwili ya kujiegemeza pembeni. Jina limetokana na herufi za Joseph Cyril Bamford, Mwingereza aliyeanzisha kampuni yake mjini Uttoxeter mwaka 1945 na kutoa kijiko chake cha kwanza cha aina hii mwaka 1953. Modeli ya 3CX ilitoka mwaka 1980, na vijiko vya kizazi hicho bado vinapiga kazi hapa nchini: mitaro, misingi ya nyumba, machimbo ya mchanga, barabara za vijijini.

Vijiko hivi vya zamani havina kompyuta ya kukwambia kinachouma. Kikigoma, kila mtu anakuwa daktari. Dereva anasema hivi, mwenye mashine anasema vile, na mpita njia naye ana lake. Mara nyingi kesi inaishia kwenye sentensi moja: "Pampu imekufa." Pampu ya haidroliki ni kitu cha mamilioni. Nataka kueleza namna ya kufika kwenye jibu sahihi kabla hela haijatoka. Wenzangu wa uhandisi mtaitumia mkiwa PT. Ninyi wa sheria, ualimu na biashara nanyi msipite kando, kwa sababu kesho mtakuwa kwenye kamati ya kijiji au ofisi ya halmashauri, na bili ya matengenezo italetwa mezani kwenu muisaini.

Nilijifunza haya Mafia, nikiwa PT na fundi mmoja wa mitambo ambaye alizunguka nami wiki kadhaa. Kazi iliyonifunza zaidi ilikuwa Ras Kisimani, ile ncha ya magharibi ya kisiwa. Wasomaji wa historia wanaijua kwa mji wake wa kale ambao Neville Chittick aliuchimba, ripoti yake ikachapishwa mwaka 1961, na ambao bahari imekuwa ikiula kidogo kidogo. Mimi nilikwenda kwa sababu kijiko kilikuwa kimesimama katikati ya mtaro wa kutolea maji ya mvua kando ya barabara ya udongo. Mtaro ulikuwa nusu. Wanakijiji walikuwa wamechanga hela ya dizeli, na vuli ilikuwa inakaribia. Mtaro ulioachwa nusu ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro, maana maji yanaingia na hayana pa kutokea, kwa hiyo yanakata barabara.

Ukiwa Dar es Salaam ukikosea kununua kipuri, unapanda bodaboda kukirudisha. Kipuri cha Ras Kisimani kinatoka Dar kwa gari hadi Nyamisati, kinapanda chombo kuvuka hadi Kilindoni, halafu kinatafutiwa usafiri mwingine hadi ulipo. Ikiwa ni msimu wa kusi na bahari imechafuka, kinakaa Nyamisati kikisubiri. Huku kisiwani kukosea kipuri ni kupoteza wiki nzima.

Tulipofika, baada ya shikamoo na habari za safari, tuliambiwa pampu imekufa na mchango mwingine umeshaanza. Fundi hakufungua boksi la spana. Alimgeukia dereva akamuuliza: "Mwanangu, kimelegea chote au kiungo kimoja?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa matengenezo yote ya mashine hizi. Kila mfumo wa kijiko una sehemu ya pamoja na matawi. Kwenye haidroliki, sehemu ya pamoja ni tangi la oili, chujio, mpira wa kunyonyea, pampu na valvu kuu ya kupunguza presha. Matawi ni jeki moja moja: ya kunyanyua baketi, ya mkono, ya miguu. Kama kila kitu kimelegea, ugonjwa upo kwenye sehemu ya pamoja. Kama baketi ya mbele ina nguvu zake lakini mkono wa nyuma hauinuki, basi pampu inafanya kazi, na kuinunua nyingine ni kutupa hela. Tatizo liko kwenye tawi: sili za jeki, mpira wake, au valvu inayohudumia jeki hiyo.

Pale Ras Kisimani kila kitu kilikuwa kimelegea. Kwa hiyo pampu ilikuwa mshukiwa, ila haikuwa peke yake.

Hapa turudi kidogo kwenye madesa ya mekanika ya vimiminika. Pampu haitengenezi presha. Inasukuma oili tu, na presha inazaliwa pale oili inapokutana na ukinzani. Jeki yenye kipenyo cha milimita 100 kwa ndani, ikipata presha ya baa 200, inasukuma kwa nguvu ya kilonyutoni 157 hivi, sawa na kunyanyua tani 16. Ikipata baa 100, nguvu hiyo inakuwa nusu. Lakini pampu haiwezi kusukuma isichokipata. Ikinyonya hewa pamoja na oili, hewa inabonyea kama sponji na nguvu inapotea.

Kwa hiyo fundi aliuliza swali la pili: kinalegea zaidi kikiwa cha baridi au kikipata moto? Kijiko chenye nguvu asubuhi kisha kinachoka kadiri oili inavyochemka, mara nyingi kina uvujaji wa ndani. Oili ya moto ni nyepesi, nayo inapenya kwenye pampu iliyolika, sili zilizochakaa au valvu isiyofunga. Kijiko kinacholegea na kulia asubuhi, kisha kikapata nafuu kikishapata moto, kinahangaika kunyonya. Oili ya baridi ni nzito, kwa hiyo chujio lililoziba au njia ya kunyonyea yenye kasoro inaonekana zaidi wakati huo. Dereva akajibu kwamba asubuhi ndiyo kinalia zaidi, kama mbwa aliyefungiwa.

Hatua ya tatu ilikuwa kuangalia oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa hata baada ya kutulia usiku kucha, imeingia maji. Ikiwa na mapovu mashine inapofanya kazi, halafu mapovu yakaisha ukiizima, imeingia hewa. Ya kwetu ilikuwa na mapovu, na kiwango chake kilikuwa sawa. Hewa ilikuwa inaingia mahali fulani kati ya tangi na pampu. Upande huo wa kunyonyea una tabia moja ya kupoteza watu: mara nyingi hauvuji oili nje wakati wa kazi, kwa sababu unavuta ndani. Utautazama mpira mkavu, usijue kwamba una ufa.

Fundi akachukua grisi nzito, akaipaka kwenye maungio ya mpira wa kunyonyea moja baada ya jingine huku injini ikiunguruma taratibu, mikono yake ikiwa mbali na feni na mikanda. Alipofika kwenye klipu iliyo karibu na pampu, sauti ya kulia ikapungua. Grisi ilikuwa imeziba ufa kwa muda. Tukazima na kufungua. Mpira ulikuwa umepasuka chini ya klipu, na klipu yenyewe imeliwa na kutu ya chumvi. Bahati nzuri mpira ulikuwa na urefu wa ziada, tukakata kipande kibovu, tukaufunga upya kwa klipu mbili mpya zilizotoka Kilindoni, tukasafisha chujio la ndani ya tangi. Mchango wa pampu ukageuzwa kuwa dizeli, na mtaro ukaisha kabla ya mvua.

Angalizo: mpira wa kunyonyea ukihitaji kubadilishwa wote, usiweke mpira wowote tu. Lazima uwe na waya ndani, la sivyo utabonyea wakati pampu inavuta, na utarudi pale pale.

Kama mapovu yasingekuwepo na chujio lingekuwa safi, hatua ya nne ingekuwa geji ya presha. Kuna watu wakiona nguvu imepungua wanakaza skrubu ya valvu kuu "kuongeza presha" bila geji. Jamani, hapana. Valvu hiyo ndiyo inayolinda mipira, jeki na pampu. Ukiikaza kwa kubahatisha unahamisha ugonjwa mdogo uwe mkubwa. Funga geji mahali kitabu cha mashine kinapoelekeza, linganisha na namba ya kitabu, ndipo uamue.

Na ikiwa tatizo ni la jeki moja, kwa mfano mkono unashuka wenyewe injini ikiwa imezimwa? Hapo oili inapita ama kwenye sili za pistoni ama kwenye valvu. Ili kutofautisha, laza kila kitu chini, zima injini, chezesha livu zote kuondoa presha iliyobaki. Kisha washa, sukuma jeki hadi mwisho wake, zima na uondoe presha tena. Fungua mpira wa upande wa fimbo na uuzibe. Washa injini taratibu na uisukume jeki kuelekea kule kule iliko. Oili ikitoka mfululizo kwenye tundu lililo wazi, sili za pistoni zimekufa. Isipotoka, tazama valvu. Sili ni za bei ndogo kulinganisha na valvu, kwa hiyo jaribio hili la nusu saa linalipa.

Ufunguo ule ule wa "chote au kimoja" unafungua mifumo mingine. Kijiko hakiendi mbele lakini kinarudi nyuma? Oili ya giaboksi na pampu yake vinafanya kazi, hivyo tazama klachi ya mbele au solenoidi na waya zake. Hakiendi popote? Anza na vya pamoja: kiwango cha oili, fyuzi, na kile kitufe cha kwenye livu kinachokata mwendo, maana kikinasa mashine inakaa kama imefungwa kamba. Kupima oili ya giaboksi fuata kitabu, kwa sababu zipo mashine zinazopimwa injini ikiwaka na zipo zinazopimwa ikiwa imezimwa.

Kwenye injini, vijiko vingi vya zamani vina Perkins 4.236, yenye silinda 4 na ujazo wa lita 3.86. Ikizunguka bila kuwaka, tazama bomba la moshi. Hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki: kagua tangi, filta, pampu ya kuvutia, na solenoidi ya kuzimia kama inapata umeme. Moshi mweupe unaonyesha dizeli inafika ila haiungui. Ikiwa inawaka, moshi mweusi unakupeleka kwenye filta ya hewa na nozeli, na wa bluu unasema oili ya injini inaungua.

Ikizunguka kwa uvivu, usimlaumu stata kwanza. Pwani chumvi inakula waya ya ethi. Weka multimita kati ya nguzo hasi ya betri na bodi la injini wakati mwenzako anapiga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, safisha maungio hayo kabla hujanunua kitu.

Breki nazo zina mtego wake. JCB 3CX za zamani hutumia mafuta mepesi ya haidroliki kwenye breki, tofauti na yale ya magari madogo. Ukimimina ya gari dogo, sili zinavimba na kuharibika, na siku ya kuteremka kilima hutakuwa na breki. Soma kitabu au kifuniko cha tangi lake kwanza.

La mwisho ni la uhai. Usitafute uvujaji wa haidroliki kwa kidole. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa presha hizi inatoboa ngozi na kuingia ndani ya mwili. Kidonda kinaonekana kama kimechomwa na mwiba, maumivu yanaweza kuchelewa, lakini kinahitaji upasuaji haraka, na ukichelewa unaweza kupoteza kidole au mkono. Tumia kipande cha boksi gumu kukipitisha mahali unaposhuku. Ikimpata mwenzako, usisubiri hadi kesho. Mpeleke hospitali saa ile ile na uwaambie wazi kwamba ni oili ya presha. Na usiingie chini ya mikono ya mbele iliyoinuliwa bila kuweka chuma chake cha kuegemezea. Presha si nguzo, maana mpira mmoja ukipasuka mikono yote inashuka.

Wanaokwenda PT mwaka huu, kabla bumu halijaisha nunueni multimita ya bei ya kawaida na daftari gumu. Mkifika kwenye mashine, andikeni majibu matatu kabla ya kushika spana: kimelegea chote au kimoja, kikiwa cha baridi au cha moto, na oili inaonekanaje. Nanyi mtakaoletewa bili, ombeni kuona majibu hayo hayo. Fundi aliyepima atakuwa nayo.