Tambi za Soba na Mchuzi Wake
Mzazi wa Kibokoni mwenye mwana masomoni Tokyo humwusia ajiepushe na nguruwe. Usia huo ni mwema, ila katika mkahawa wa soba hautoshi. Tambi zenyewe hazina neno: ni unga wa mbegu za soba, aghalabu ukichanganywa na ngano. Shaka imo katika mchuzi wa kuchovea, kwani kwa desturi hutiwa mirini, kileo kitamu cha mchele chenye alkoholi yapata asilimia 14. Hoja ya kuwa kimechemshwa hainiridhishi.

Basi na amuulize mpishi kabla ya kuketi. Ipo mikahawa inayosaga unga wake yenyewe na kuandaa soba kwa chumvi tupu, ndiyo aifuate. Mwisho huletwa maji ya moto yaliyochemshiwa tambi. Wenyeji huyatia katika mchuzi uliosalia. Yeye ayanywe matupu.