Panga la kutegemewa milimani Upare: tazama msuka kabla ya makali

MKULIMA wa Upare mwenye shamba mlimani na jingine tambarare hutembea mwendo mrefu kabla ya kuanza kazi, na huo mwendo huufanya na vitu vichache mkononi: chakula kidogo, chupa ya maji na panga. Maji yakiisha ataomba kwa mwenye nyumba njiani. Panga likimvunjikia katikati ya pori, hakuna wa kumwomba.

Kwa mtu wa namna hiyo panga si zana ya kufyekea tu. Ndilo linalokata tawi lililoziba njia baada ya mvua, linalomfungua mbuzi aliyejinyonga kwa kamba, linalochanja kuni za kuota moto pale giza linapomkuta kwenye miteremko ya Shengena, mlima wenye kimo cha mita 2,462 ambapo ukungu hushuka kabla mtu hajajua saa. Siku ya msaragambo, watu wanapokwenda kuzibua mfereji na kusafisha ndiva, asiye na panga zuri huwa mzigo kwa wenzake.

Pamoja na umuhimu wote huo, ununuzi wa panga hufanywa kwa haraka kuliko ununuzi wa kandambili. Mnunuzi hulishika, hupitisha kidole kwenye makali, hulipa na kuondoka. Makali ndiyo kitu cha mwisho kabisa kinachostahili kutazamwa, kwa sababu yanaweza kuongezwa nyumbani kwa kinoo. Kuna mambo mengine ambayo hayaongezwi.

Milima iliyokuwa ikiuza chuma

Inashangaza kidogo kwamba hali iko hivyo Upare, kwa kuwa nchi chache za Afrika Mashariki zilikuwa na jina katika mambo ya chuma kama milima hii. Upande wa kaskazini, hasa Ugweno, watu walikusanya mchanga mweusi wenye madini ya chuma ulioletwa na vijito, wakauyeyusha kwa makaa katika matanuri ya udongo yaliyopulizwa kwa mivukuto. Chuma hicho kilivuka hadi Uchagani, ambako wahunzi walikifua kuwa majembe na silaha.

Ukoo wa Washana ndio uliokuwa na uhunzi. Kwa mujibu wa historia iliyokusanywa na Profesa Isaria Kimambo, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wapare mwaka 1969, Washana walishika pia utawala wa Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Yaani kulikuwa na wakati ambapo mwenye nyundo ndiye aliyekuwa mwenye nchi.

Chuma cha kuletwa kutoka ng'ambo kiliua matanuri hayo. Baada ya Uhuru serikali ilijaribu kurudisha kazi ya zana nyumbani, na wakulima wa umri mkubwa wanayakumbuka majembe ya UFI ya Ubungo, Dar es Salaam, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, maduka yakajaa bidhaa za kila nchi. Sasa katika duka moja la vifaa mnunuzi anaweza kukuta chuma cha China, cha India na cha Brazil vikiwa vimening'inia kwenye msumari mmoja. Uhuru wa kuchagua umeongezeka, ila elimu ya kuchagua imebaki kwa wachache.

Kinachojificha ndani ya mpini

Sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini huitwa msuka. Hapo ndipo panga baya hujificha. Panga lililotengenezwa vizuri lina msuka mpana unaofika mwisho wa mpini, nao umebanwa kwa riveti tatu au zaidi zilizopenya upande hadi upande. Ukilitazama kwa mgongo unauona chuma umelala katikati ya vipande viwili vya mpini kama nyama ndani ya mkate.

Panga la mashaka lina msuka mfupi kama kidole, umechomekwa ndani ya plastiki na kushikwa na riveti moja, pengine mbili. Dukani hutaona tofauti. Utaiona siku unapopiga kisiki cha mti mgumu kwa nguvu zako zote, bapa likachomoka na kuruka. Anayefanya kazi nyuma yako, mara nyingi mtoto anayekusanya majani, ndiye anayelipokea.

Kosa hilohilo limo ndani ya visu vinavyowavutia vijana mno. Ni vile vikubwa vyenye meno ya msumeno mgongoni, mpini wa duara ulio mtupu ndani, na kifuniko chenye dira ndogo. Vilipata umaarufu duniani baada ya filamu ya kwanza ya Rambo mwaka 1982, jina ambalo Watanzania walilipachika hata kwenye mifuko ya plastiki hadi ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Ndani ya mpini mtupu mnakaa viberiti na ndoana, lakini hamkai msuka. Bapa limeshikwa na nati au gundi pale shingoni tu. Ni kisu cha kupigia picha. Mtu anayekwenda kulala porini na ng'ombe afadhali abebe kisu cha jikoni chenye msuka mzima kuliko hicho.

Chuma kilichotiwa maji

Jambo la pili ni jinsi chuma kilivyotiwa maji, maana yake kupashwa moto hadi kiwe chekundu, kuzimwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kupashwa tena kwa moto mdogo ili kisiwe kikavu kama kioo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa na watengenezaji wenye haraka. Chuma kigumu mno hukatika vipande kwenye jiwe. Chuma laini mno hujikunja, na makali yake hayamalizi saa moja shambani.

Mnunuzi hana maabara, ila ana mikono na masikio. Kwanza, alining'inize panga kwa vidole viwili na kuligonga bapani kwa msumari au ufunguo. Chuma kizima hulia sauti safi inayokwenda mbali. Chenye ufa, au chenye riveti zilizolegea, hutoa mlio wa kukwaruza unaokufa papo hapo. Pili, aegemeze ncha kwenye ubao na kulisukuma hadi lipinde kidogo. Likiachiwa lazima lirudi na kunyooka kabisa. Likibaki na kibyongo, arudishe msumarini aendelee na safari yake.

Jaribio la tatu ni la tupa, na hilo mwenye duka aombwe ruhusa. Tupa ikipitishwa karibu na mpini, mahali ambapo makali hayatumiki, ikateleza kama juu ya chupa, chuma ni kigumu kupita kiasi. Ikila kirahisi kama inakula bati, ni laini. Panga linalofaa huliwa na tupa, lakini kwa kusukumwa.

Unene nao una maneno yake. Kwa kazi za milimani, mgongo wa milimita 3 hivi karibu na mpini, unaopungua kuelekea ncha, hutosha kukata matawi bila kuchosha bega. Mapanga membamba zaidi, yaliyoenea sana Amerika ya Kusini, ni mazuri kwa majani na migomba ila hutetemeka yakikutana na mti mgumu wa nyika.

Wahunzi wa leo, ambao hutumia springi kuukuu za magari, wanaweza kutoa kitu kinachoshinda cha dukani. Springi ni chuma kizuri kwa kazi hii kwa sababu kiliumbwa kupinda na kurudi. Lakini muulize fundi anazimia kwenye nini. Chuma cha springi kwa kawaida huzimwa kwenye mafuta. Kikitumbukizwa kwenye maji baridi kinaweza kupata nyufa ambazo jicho halizioni. Muulize pia kama anakipasha tena baada ya kuzima. Fundi anayejua atakueleza habari za rangi: chuma kilichosuguliwa kikapashwa polepole hugeuka njano, kikawa kahawia, kisha zambarau na mwisho buluu. Kisu kidogo huachiwa kwenye njano au kahawia ili kishike makali, na panga hupelekwa hadi zambarau au buluu ili livumilie vishindo. Asiyejua atakwambia tu kwamba chuma chake ni kikali.

Kila kazi na chuma chake

Wafugaji wa tambarare wana sime, nayo ina sababu zake: ni nyembamba, inakaa kiunoni ndani ya ala, inachoma na kukata, na haisumbui mtu anayetembea siku nzima. Kwa kufyeka haifai. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba anahitaji panga fupi pamoja na kisu kidogo cha kusafishia. Mkata mkonge wa Makanya ana shida yake peke yake, kwa kuwa maji ya mkonge ni makali na hula chuma cha kawaida. Asipolifuta bapa na kulipaka mafuta jioni, asubuhi analikuta na kutu.

Hapo ndipo watu hukimbilia chuma kisichoshika kutu. Kwa kisu cha kuchinjia na kuchunia ni chaguo jema, kinaoshwa na kukauka. Kwa panga, hapana. Bapa refu la chuma hicho likipigwa kwa nguvu hukatika kwa urahisi zaidi, na wengi huona taabu kukinoa kwa jiwe la mtoni. Kutu ya panga la kawaida huzuiwa na kitambaa na tone la mafuta ya kula.

Kama fedha zinatosha vitu viwili, panga zuri la inchi 18 na kisu imara chenye bapa la urefu wa kiganja vinamfikisha mtu mbali.

Kwa mwenye duka

Mfanyabiashara wa Same au wa gulio la vijijini huona hasara kuweka mapanga ya bei ya juu wakati jirani yake anauza ya bei poa. Hesabu hiyo haijakamilika. Panga linalovunjika msimu mmoja humrudisha mteja akiwa na kipande mkononi na maneno mdomoni, mbele ya wateja wengine. Mwenye duka anayeweka tupa kuukuu na kipande cha gogo mlangoni, akawaacha watu wajaribu, huuza machache kwa wiki ila hauzi kwa ugomvi.

Ajihadhari pia na alama za kuiga. Alama zinazopendwa, kama ile ya mamba inayotumiwa na kampuni ya Martindale ya Uingereza, ndizo huwavutia waigaji. Muhuri wa kweli huwa umepigwa ndani ya chuma na herufi zake ni safi; karatasi iliyobandikwa haithibitishi kitu. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata mzigo wote. Muuzaji asiye na stakabadhi za alikonunua ndiye anayebeba hasara.

Kunoa bila kuunguza

Mapanga mengi mazuri huuawa mjini na mashine ya kunolea. Gurudumu likizunguka kwa kasi na fundi akakandamiza, cheche huruka na ukingo wa bapa hugeuka buluu. Rangi hiyo mahali pale maana yake chuma kimepoteza ugumu wake, na kitakuwa butu kila siku hadi sehemu yote ya buluu iishe. Kinoo cha mkono chenye maji, au tupa iliyopitishwa upande mmoja, huchukua dakika 10 na hakiunguzi kitu. Ukilazimika kutumia mashine, mtake fundi atumbukize bapa kwenye ndoo ya maji kila baada ya mipito michache.

Mpini ukipasuka usifungwe kwa mpira wa baiskeli kwa msimu mzima. Mti wa mpera au mchungwa uliokauka vizuri kivulini hutoa mpini mgumu usiopasuka upesi. Ala nayo si urembo. Kipande cha mpira wa tairi kilichoshonwa kinatosha, na kinamlinda mbebaji anapoteleza kwenye njia za utelezi.

Jeraha likitokea, kitambaa safi kikandamizwe juu yake kwa nguvu bila kufunuafunua kwa dakika 10 au zaidi, kiungo kikiinuliwa juu. Udongo, majivu na ugoro visiguse kidonda, kwani ndimo vijidudu vya pepopunda vinamoweza kuingilia. Hata kidonda kidogo cha panga kinastahili safari ya zahanati kuulizia chanjo hiyo.

Na kuna mpaka wa kukumbuka. Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951, sasa ni hifadhi ya taifa, na chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa kukutwa ndani na silaha bila kibali ni kosa. Mahakama zimewahukumu watu wengi nchini kwa panga na kisu tu, hata waliodai walikuwa wakitafuta kuni au mifugo iliyopotea. Msitu wa Chome nao unalindwa kisheria na kuingia kwake kunahitaji kibali. Ng'ombe akivuka mpaka, mchungaji aliache panga kwa mwenzake upande wa kijiji na aende kwanza kwa askari wa hifadhi kutoa taarifa.