Pengo, Ufa na Kikomo cha Dosari

Kabla ya kuruka, rubani huizunguka ndege yake kwa miguu na kuikagua. Afikapo kwenye injini humulika tochi mdomoni mwake na kuyatazama mabapa ya feni. Tuseme ameona bapa moja limemeguka kidogo ukingoni, pengine kwa kugongwa na kokoto. Je, aruke au asiruke? Kwa kawaida jibu halimo katika kitabu alichonacho rubani, bali katika kitabu cha mafundi, ambamo vipimo hutegemea kina cha dosari na mahali ilipo: linalovumilika karibu na ncha ya bapa huenda lisivumilike karibu na shina lake. Ndiyo maana hata marubani wazoefu husita, na kusita kwao ni haki.

Imempasa basi kumwita fundi. Iwapo fundi yu mbali, humweleza kwa simu, na hapo "imeharibika kidogo" haimsaidii mtu. Tunapendekeza wafasiri wayatenge maneno haya. Ukingo uliomeguka una pengo, kama tusemavyo juu ya meno au kisu. Bapa lililobonyea bila kumeguka lina kibonyeo. Alama ya juujuu ni mkwaruzo. Ufa ni jambo jingine kabisa: pengo hupimwa, lakini ufa katika bapa la feni kwa kawaida hauruhusiwi hata uwe mdogo namna gani. Mfasiri anayeandika "ufa" penye mkwaruzo huizuia ndege bure. Anayekosea kinyume chake huhatarisha roho za watu.

Tena asiandike kwamba rubani "amethibitisha" kuwa injini haina ufa. Tarehe 17 Aprili 2018, nchini Marekani, bapa moja kati ya 24 za feni ya injini ya kushoto ya Boeing 737 ya shirika la Southwest lilikatika angani, na abiria mmoja akafa. Ilionekana kwamba ufa uliotokana na uchovu wa metali ulikuwa katika shina la bapa, mahali pasipofikiwa na jicho la mtu aliyesimama chini na tochi. Kazi ya rubani ni kukagua. Kupima kwa vyombo ni kazi ya fundi.

Limebaki neno gumu zaidi. Wengine huandika "mpaka wa uharibifu". Hatulipendi. "Mpaka" huweza kusomwa kwa maana ya "hadi", na kitu kilichoharibika hakitazamiwi kuruka. Afadhali kikomo cha dosari. Tulifikiria pia "kasoro", lakini neno hilo lina maana ya upungufu wa hesabu, nasi tunazungumza juu ya vipimo.

Kwa ndege ndogo zenye rafadha, pengo libaki pengo. Likiwa ndani ya kikomo, fundi hulipiga tupa mpaka ukingo ulainike, ili lisije likazaa ufa.