Sura ya 7: Mpiga Kura Anapowakataa Wote

"Wote ni walewale." Kauli hii husikika vijiweni Dar es Salaam na ndani ya matatu za Nairobi kila uchaguzi unapokaribia. Anayeitoa ana njia tatu. Anaweza kubaki nyumbani, au kwenda kituoni akaiharibu karatasi kwa makusudi, au, palipo na sheria inayoruhusu, kupiga kura halali ya kumkataa kila mgombea. Hasira inaweza kuwa ileile katika njia zote tatu, lakini uzito wake katika matokeo hutofautiana sana.

Hasira isiyohesabika

Asiyekwenda kituoni huwekwa kapu moja na mgonjwa, msafiri na aliyepoteza kadi. Tanzania mwaka 2010, karibu asilimia 43 tu ya waliojiandikisha ndio waliopiga kura. Tarakimu hiyo haisemi nani alisusa na nani alikuwa shambani.

Kura iliyoharibika nayo humchanganya aliyechoka na wanasiasa na yule aliyekosea kuweka alama. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe katika kukokotoa asilimia za wagombea wa urais. Kwa hiyo anayeiharibu karatasi ili amnyime mgombea ile "zaidi ya nusu" inayohitajika kushinda hafiki popote: kura yake huondolewa kabla hesabu ya asilimia haijaanza.

Kitufe cha mwisho

India ilijaribu kuipa hasira hiyo safu yake yenyewe. Zamani, aliyekataa wagombea wote alilazimika kumwambia afisa wa kituo, ikaandikwa katika daftari, naye akatia sahihi au dole gumba huku mawakala wa vyama wakimtazama. Siri ya kura ikawa imekwisha. Shirika la haki za raia, PUCL, lilifungua kesi, na tarehe 27 Septemba 2013 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru mashine za kura ziwekewe kitufe cha kukataa wote, maarufu kama NOTA.

Katika uchaguzi wa bunge wa 2014 kitufe hicho kilipata kura kama milioni 6. Mwaka 2019 milioni 6.5, mwaka 2024 milioni 6.4 hivi. Ni watu wengi, lakini katika taifa kubwa kama lile ni takriban asilimia 1 tu kila mara. Isitoshe, katika uchaguzi wa bunge hakina meno: hata kikiongoza, mgombea mwenye kura nyingi anayefuata ndiye mbunge.

Mbona kidogo hivyo, na malalamiko ni mengi? Kwa sababu aliyevumilia foleni ya kituoni mara nyingi ana mgombea anayemwogopa kuliko wengine. Heri nusu shari kuliko shari kamili, hujiambia, akampa kura asiyempenda ili kumzuia asiyemtaka kabisa. Kuwakataa wote ni kuiachia nafasi hiyo.

Anapobaki mmoja

Hesabu hiyo hugeuka pale ushindani unapoondolewa. Mjini Indore, India, mwaka 2024, mgombea wa chama cha Congress alijitoa kabla ya siku ya kura, akahamia chama tawala cha BJP. Congress ikawahimiza wafuasi wake wabonyeze NOTA, na kura 218,674 zikaangukia hapo, nyingi kuliko za mgombea aliyeshika nafasi ya pili. Mgombea wa BJP alishinda akiwa na zaidi ya kura milioni 1.2, lakini wapinzani wake walikuwa wamehesabiwa.

Penye sheria yenye meno, mambo huenda mbali zaidi. Nchini Kolombia, kura tupu zikifikisha zaidi ya nusu ya kura halali, uchaguzi hurudiwa, na waliogombea umeya hawaruhusiwi kurudi. Mwaka 2011 katika mji wa Bello, mgombea pekee wa umeya alishindwa na kura tupu. Indonesia nayo huweka "kisanduku kitupu" kando ya mgombea asiye na mpinzani. Mjini Makassar, mwaka 2018, meya aliyekuwa madarakani alienguliwa, wakabaki wagombea wawili wa tiketi moja, na kisanduku kitupu kikawashinda. Mji uliongozwa na makaimu wa kuteuliwa hadi uchaguzi wa 2020, ambapo yule meya aliyeenguliwa alirudi akashinda. Kukataa kulikuwa na gharama, na wengi waliokipigia kura kisanduku hicho walikuwa na mtu wao waliyemtaka.

Matukio haya yanaonyesha jambo moja. Uchovu wa jumla dhidi ya wanasiasa hauleti wimbi la kura za kukataa. Huleta watu kubaki nyumbani. Wimbi huja pale wapiga kura wanapoona kwamba uamuzi umeshafanywa katika uteuzi, kabla karatasi haijachapishwa.

Mlango ulio juu zaidi

Ndiyo maana kura hii ina udhaifu usioponyeshwa na kitufe chochote. Mwaka uleule wa tukio la Indore, 2024, katika mji wa Surat nchini India, fomu za mgombea wa Congress zilikataliwa na waliosalia wakajitoa. Mgombea wa BJP akapita bila kupingwa, na kwa kuwa kura haikupigwa, hapakuwa na NOTA ya kubonyeza. Tanzania ya chama kimoja, kuanzia 1965 hadi 1990, iliwapa wapiga kura "ndiyo" au "hapana" kwa mgombea pekee wa urais. "Hapana" ilihesabiwa, lakini hata kama ingeshinda, mgombea wa kufuata angetoka mlango uleule.

Basi anayedai kura ya kukataa wote aulize mambo matatu. Je, itahesabiwa katika asilimia za matokeo? Ikishinda, uchaguzi utarudiwa? Na wakati wa kurudia, nani atateua wagombea wapya? Swali la tatu ndilo zito. Uteuzi ukibaki mikononi mwa vikao vilevile vya chama, mpiga kura atapewa haki ya kukataa mara ya pili, na bado hatakuwa amepewa haki ya kuchagua.